Mkulima wa Gomeni, Zao la Kichuguuni

Vitabu vya shule huweka likeni na uyoga katika kundi moja la kuvu, vikachora picha moja ya hiki na moja ya kile, kisha vikafungua ukurasa mwingine. Mimi nataka kubaki kwenye ukurasa huo. Nimechagua spishi mbili ambazo mtu wa Nairobi anaweza kuzifikia kwa miguu au kwa matatu moja: Parmotrema tinctorum, likeni ya kijivu inayotanda kwenye magome ya miti, na Termitomyces microcarpus, uyoga mdogo mweupe unaochipuka kwa mamia karibu na vichuguu mvua ikikolea.

Sikuzichagua kwa kufanana, maana hazifanani hata kidogo. Moja huishi miaka na mikaka mahali pamoja, ikikua milimita chache kwa mwaka. Nyingine hutokea asubuhi, na kufikia kesho kutwa imeoza. Nilizichagua kwa sababu zote mbili zimo ndani ya kilimo, tena kilimo cha zamani kuliko cha binadamu. Kwenye likeni, kuvu ndiyo inayolima. Kwenye uyoga huu, kuvu ndiyo inayolimwa. Nikizifuatilia zote mbili hapa mjini nimefikia imani moja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike: anayetaka kujua kitakachoziua asiitazame kuvu peke yake, amtazame mwenzake anayeishi naye.

Nianze na likeni, kwa kuwa ndiyo tunayoipita kila siku. Ni yale mabaka ya kijivu kwenye mashina ya jakaranda na grevilea, kwenye mawe ya ua, hata kwenye mabati ya zamani. Kuna aina nyingi, na nyingi ni ndogo zilizonata kama rangi iliyokauka. Parmotrema tinctorum haifichiki hivyo. Ina ndimi pana, sentimita moja hadi mbili kila mmoja, kingo zake zikiwa zimeinuka kidogo, na likeni nzima iliyostawi hufika upana wa sentimita 30. Ikikauka ni ya kijivu-majivu na hukatika ukiibana. Ikinyeshewa, kwa dakika chache tu hulainika na rangi ya kijani kujitokeza. Inua ukingo wake kwa kucha utaona upande wa chini ni mweusi tii, isipokuwa mkanda wa kahawia mwishoni.

Watu wengi huiona kama ugonjwa wa mti. Nimewahi kuwaona watunza bustani wakiikwangua kwa panga kwa bidii kubwa, wakiamini wanauokoa mti, kisha wakapaka chokaa shina zima kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Jambo hili linaniuma kusema kweli, kwa sababu likeni haili mti. Haina mizizi. Nyuzi nyeusi zilizo chini yake hushika gome tu, hazinyonyi utomvu. Chakula chake hujitengenezea yenyewe kwa mwanga wa jua, na maji na madini huyapata kutoka kwenye mvua, umande na vumbi. Mti ukionekana kufa huku umejaa likeni, mara nyingi ni kwamba matawi yamepukutisha majani kwa sababu nyingine, mwanga ukaingia, na likeni zikapata nafasi.

Likeni nyingi zinahitaji darubini na mtaalamu, lakini hii ina kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya nyumbani. Chukua wembe, kwangua ngozi ya juu kidogo tu, sehemu ndogo kuliko ukucha, hadi tabaka jeupe la ndani lionekane. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye Jik, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ya kawaida isiyo na manukato, na uguse pale peupe. Kama ni Parmotrema tinctorum, weupe ule hugeuka mwekundu papo hapo, wekundu wa damu, kisha rangi hufifia. Jik iliyokaa kabatini muda mrefu haifai, nguvu yake huwa imekwisha. Kinachotoa wekundu huo ni asidi ya lekanoriki, ambayo kuvu huitengeneza na kuirundika ndani ya tabaka hilo jeupe. Kipande kidogo kama hicho kinatosha, hakuna haja ya kuibandua likeni nzima iliyochukua miaka kukua.

Aliyegundua kwamba kemikali za aina hii zinaweza kutenganisha spishi za likeni ni Mfini mmoja aliyeishi Paris, William Nylander, mwaka 1866. Mtu huyu ananishangaza sana. Mwaka huohuo wa 1866 aliandika kwamba likeni zilizokuwa zinastawi kwenye Bustani ya Luxembourg hazikuonekana sehemu nyingine za mji wa Paris, na akasema ni kwa sababu hewa ya bustani ile ilikuwa safi zaidi. Miaka sita baadaye, mwaka 1872, jina la likeni yetu hii likachapishwa kwa mkono wake, kutokana na vielelezo vya Visiwa vya Kanari. Yaani kipimo cha rangi, kipimo cha hewa na jina la spishi vyote vilipita kwa mtu mmoja. Na mtu huyohuyo alikataa katakata, hadi alipofariki mwaka 1899, kwamba likeni ni viumbe viwili.

Wazo hilo lililetwa mwaka 1867 na Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Alisema kile kinachoitwa likeni ni kuvu iliyokamata mwani, viumbe vidogo vya kijani vinavyojitengenezea chakula kwa jua. Alilieleza kwa lugha ya enzi yake: kuvu ni bwana, mwani ni watumwa wake. Wataalamu wengi wa likeni walichukizwa. Walikuwa wametumia maisha yao kuzipa likeni majina kama mimea kamili, na sasa wanaambiwa kila jina ni la jamii ya watu wawili. Namwelewa Nylander. Ukiishika Parmotrema mkononi, yenye umbo, rangi na kingo zake, hakuna kinachokuambia kwamba kuna wawili hapa.

Lakini wapo. Ukikata kipande chembamba na kukiweka chini ya darubini, utaona ngozi ngumu juu, kisha chini yake kidogo mstari wa chembe za kijani za mwani, jenasi ya Trebouxia, kisha ule utando mweupe wa nyuzi za kuvu. Mwani unatengeneza sukari kwa jua. Kuvu inaichukua sehemu kubwa ya sukari hiyo na inatoa makazi: kivuli dhidi ya jua kali, unyevu unaokaa muda mrefu zaidi, na nafasi nzuri ya kupata mwanga. Kuvu hiyo ikioteshwa peke yake maabara, hubaki donge lisilo na umbo. Zile ndimi pana tunazoziona hazipo hadi mwani uwepo. Na mwaka 2016 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Toby Spribille kilionyesha kwamba ndani ya ngozi ya baadhi ya likeni kuna hamira pia, kuvu ya pili na mwenza wa tatu asiyetarajiwa, kwa hiyo hesabu ya wanaoishi ndani ya likeni moja bado inaongezeka.

Hapa niseme kitu kidogo kuhusu Pwani. Kila aliyesoma kemia kidato cha kwanza ameshika karatasi ya litmasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye ndimu na buluu kwenye maji ya majivu. Rangi ya litmasi asili yake ni likeni, hasa za jenasi ya Roccella, na katika karne ya 19 likeni hizo zilikuwa bidhaa ya biashara iliyosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki kupitia Zanzibar kwenda kwenye viwanda vya rangi vya ng'ambo. Zilichachushwa kwa amonia, zamani hata kwa mkojo, hadi rangi ya zambarau ikatoka. Ukoo wa kemikali ni uleule unaotoa wekundu chini ya Jik kwenye gome la jakaranda. Nadhani mwanafunzi wa Nairobi angeipenda kemia zaidi angejua kwamba ile karatasi ndogo ilianzia kwenye miti ya ufukwe wetu.

Sasa uyoga. Huu haujifichi, ila haupatikani kila siku, na ndiyo maana watu wakiuona hukimbia. Kwenye soko la Kangemi, msimu ukifika, kina mama wanaotoka Magharibi huuza uyoga mkavu kwa mafungu: obwoba kwa Waluhya, na Mjaluo akipita huuita obuolo. Mkavu hunuka udongo na kitu kama nyama. Unaoshwa maji mengi kwa sababu mchanga hukaa kwenye mikunjo chini ya kofia, unachemshwa polepole na munyu wa kienyeji, kisha unamaliziwa na maziwa au samli na kuliwa kwa ugali wa wimbi. Nilimuuliza mama mmoja mzee kama anaupanda. Alinitazama kwa huruma.

“Huu haupandwi, mwanangu. Wenye shamba ni mchwa.”

Alikuwa amesema biolojia yote kwa maneno machache. Uyoga wote wa jenasi ya Termitomyces unategemea mchwa. Ile button nyeupe ya supamaketi hulimwa na watu kwenye mboji, na oyster kwenye mifuko ya mabua ya ngano, hata ndani ya chumba kimoja cha nyumba mtaani. Huu haujapata shamba la biashara la binadamu popote. Lazima mchwa wawepo.

Kinachotokea ardhini ni hiki. Mchwa wafanyakazi hukusanya majani makavu, kuni zilizooza, nyasi, mavi ya ng'ombe. Hawawezi kuvunja vizuri ile sehemu ngumu ya mti inayoitwa lignini. Kwa hiyo hula haraka bila kumeng'enya sana, pamoja na mbegu za kuvu, kisha wanaporudi ndani hutoa kinyesi hicho juu ya sega. Sega hili ni la kahawia, limekunjamana, na huhisi jepesi ukilishika. Kuvu huota kwenye kinyesi kile kipya, huivunja lignini, na kuota vinundu vyeupe vidogo ambavyo mchwa huvila. Ndani ya vinundu mna mbegu za kuvu, kwa hiyo mchwa akila kinundu na kisha majani, anapanda tena. Sehemu ya chini ya sega iliyokwisha kuiva, yenye virutubisho vingi, huliwa. Juu hupandwa, chini huvunwa, na kazi haisimami.

Nimewahi kuona sega hilo lilipofukuliwa na mafundi waliokuwa wakichimba msingi. Lilikuwa na joto mkononi, unyevu wa kiasi, na harufu safi ya uyoga mbichi, si ya uozo. Usafi huo una kazi kubwa nyuma yake. Kuna kuvu nyingine, Pseudoxylaria, ambayo hukaa ndani ya sega ikisubiri. Mchwa wakiwepo huizuia isipate nafasi. Mchwa wakifa au wakihama, Pseudoxylaria hulifunika sega lote na Termitomyces hushindwa. Yaani zao hili, mkulima akiondoka, haligeuki kuwa pori linalojiotea. Linamezwa na gugu lililokuwa likisubiri nafasi.

Uhusiano huu ni wa Afrika tangu mwanzo. Mchwa walianza kulima kuvu barani humu miaka takriban milioni 30 iliyopita, mara moja tu, na katika vizazi vyote vilivyofuata hakuna hata mmoja wa ukoo huo aliyeacha kilimo. Mwaka 2016 watafiti walitangaza mabaki ya masega yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 25, kutoka bonde la Rukwa nchini Tanzania. Masega hayo yalikuwa yameshikilia umbo lao ndani ya mwamba.

Termitomyces microcarpus una tabia yake ndani ya jenasi hii. Jamaa zake wengi, wale wakubwa, huota moja kwa moja kutoka kwenye sega chini ardhini, kwa mzizi mrefu unaopenya udongo hadi juu. Zambia kuna mmoja, Termitomyces titanicus, ambao kofia yake hufika upana wa mita moja. Huu wetu ni mdogo, kofia yake ni sentimita moja hadi mbili na nusu, nyeupe, na katikati ina kinundu kilichochongoka chenye rangi ya kahawia hafifu. Hauna mzizi mrefu. Mvua zikija, mchwa, wakiwemo wa jenasi ya Odontotermes ambao vichuguu vyao vinajulikana sana kwenye udongo wa Nairobi, hutoa vipande vya sega nje na kuvisambaza juu ya ardhi. Uyoga huota kutoka kwenye vipande hivyo. Ndiyo maana unaukuta umetandaza eneo zima kama mtu aliyemwaga mchele, na ukichimba chini ya mmoja hupati mzizi wowote unaoshuka, unapata chembe ya sega tu.

Sijui kama kuna uzuri mkubwa zaidi kwenye nyasi za mji huu kuliko asubuhi hiyo.

Spishi hii nayo ilipata jina lake la kisayansi mbali na kwetu. Berkeley na Broome waliichapisha mwaka 1871 kutokana na vielelezo vya Sri Lanka, mwaka mmoja tu kabla Nylander hajachapisha likeni ya Kanari. Roger Heim wa Ufaransa ndiye aliyeihamishia kwenye jenasi ya Termitomyces mwaka 1942, na Mason Hale wa Marekani akaihamisha likeni kwenye Parmotrema mwaka 1974. Karne nzima zote mbili zilikuwa zinaota hapa Afrika Mashariki, zikiwa na majina yaliyotungwa kutokana na vielelezo vya visiwa vya mbali. Hilo halinikasirishi, ila linanikumbusha kwamba kina mama wa Magharibi walishaujua mwenendo wa uyoga huu kwa undani kabla ya mtu yeyote kuandika kwa Kilatini.

Tofauti inayonivutia kuliko zote ni jinsi kila mmoja anavyosafiri. Likeni yetu haiachi mwani wake nyuma. Katikati ya ndimi zake kuna vijiti vidogo vidogo, vifupi, vinavyofanya uso uonekane kama umenyunyiziwa makapi. Kila kijiti kina ngozi ya kuvu nje na chembe za mwani ndani. Upepo, mvua, mguu wa ndege au mkono wa mtoto ukikikatisha, kinaanguka kwenye gome lingine na kuanza upya, mkulima akiwa na shamba lake mfukoni. Hakuna haja ya kukutana na mtu. Uyoga wa kichuguuni hauna bahati hiyo. Katika jamii nyingi za mchwa wanaolima, kumbikumbi wanaporuka kuanzisha makazi mapya hawabebi kuvu. Mfalme na malkia hujichimbia wenyewe, malkia hutaga, na baada ya miezi kadhaa wafanyakazi wa kwanza hutoka kutafuta chakula. Hao ndio huokota mbegu za Termitomyces zilizopeperushwa kutoka kwenye uyoga wa makazi mengine, na kuzileta nyumbani. Bila mbegu hizo, makazi mapya hayana chakula.

Fikiria kinachotakiwa hapo. Uyoga lazima uchipuke nje, upevuke na umwage mbegu. Mbegu lazima ziwe juu ya majani na udongo wakati wafanyakazi wachanga wanapotoka. Kila kizazi hukutana upya, kwa kutegemea mvua. Likeni imejifunga pingu na mwenzake na inasafiri naye. Uyoga na mchwa huoana upya kila msimu. Kwa mimi hii ndiyo tofauti halisi kati ya spishi hizi mbili, kubwa kuliko ile ya rangi, umbo au umri, na ndiyo inayoeleza kwa nini mji huu unazidhuru kwa njia tofauti.

Likeni hufa kwa hewa. Haina ngozi ya nta kama jani, haina matundu ya kufunga, haipukutishi chochote. Kinachoelea hewani huingia. Gesi ya salfa inayotokana na kuchoma makaa ya mawe na mafuta machafu hupiga kwanza ule mwani: rangi yake ya kijani huharibika, sukari hupungua, na kuvu hufa njaa ikiwa na ghala tupu. Parmotrema tinctorum ni miongoni mwa zile dhaifu. Watafiti wa Japani waliitumia kupima hewa ya miji yao kwa kuangalia tu ni wapi ipo na wapi haipo. Nami nimekuwa nikifanya vilevile bila vifaa vyovyote. Ndani ya msitu wa Karura, mbali na barabara, unaiona imetanda kwenye magome. Kwenye Arboretum, ile bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuni za injini za reli, bado unaikuta kwenye mashina ya ndani, lakini kadiri unavyokaribia barabara ndimi zinakuwa ndogo na kingo zake zimeungua rangi ya maziwa. Kwenye miti ya kando ya barabara ya Jogoo sijaiona. Huko kuna likeni nyingine zinazopenda vumbi na amonia: zile Physcia ndogo za kijivu, na nyingine za manjano.

Karura ipo leo kwa sababu watu walipigania. Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwenye lango la msitu huo Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi. Vita vile vilikuwa vya miti na ardhi, lakini kila shina lililosalia lilibaki na watu wake gomeni.

Na hewa inaweza kurudi. Mwaka 1991 ilitangazwa kwamba likeni zimerejea kwenye ile Bustani ya Luxembourg ya Nylander baada ya kukosekana karibu karne nzima. Hapa kwetu, tangu Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Ni hatua kubwa. Bado kuna moshi wa matatu zilizochoka, taka zinazochomwa kando ya barabara, na vumbi la mijengo, lakini salfa ndiyo adui wa kwanza wa mwani, na mtu anayetaka kujua kama hatua ile inafanya kazi anaweza kwenda na lenzi kwenye mti uleule kila mwaka.

Uyoga haujali sana moshi. Wenyewe unauawa kutoka chini. Kila nyumba inayojengwa Nairobi, kabla slabu haijamwagwa, fundi hunyunyizia msingi dawa ya mchwa. Namwelewa mwenye nyumba: mchwa wakiingia kwenye fremu za milango na kenchi za paa hasara yake ni kubwa, na mtu aliyejenga kwa mkopo wa sacco hawezi kucheza na hilo. Lakini dawa hainyunyiziwi msingini peke yake. Humwagwa pia kwenye kila kichuguu cha karibu, hata kile kilicho mbali na ukuta, na malkia huchimbwa na kuuawa. Hakuna anayefikiria kuvu. Kuvu yenyewe haikuguswa na dawa, ila mkulima wake amekufa, na Pseudoxylaria imelifunika sega kabla ya mvua inayofuata. Kisha watu husema zamani hapa kulikuwa na uyoga mwingi, sijui ulienda wapi. Kwa kuwa kila makazi mapya ya mchwa yanasubiri mbegu kutoka kwenye uyoga wa makazi ya zamani, vichuguu vikipungua mtaani hata vile vilivyobaki huanza kupata shida ya kuanzisha vingine.

Kuna jambo la tahadhari ambalo siwezi kuliacha, kwa sababu watu husoma habari za uyoga na kwenda kuchuma. Kwenye nyasi zilezile za Nairobi huota Chlorophyllum molybdites, mkubwa, mweupe, mzuri wa kuvutia, na wenye sumu inayoleta matapishi na kuhara vibaya. Mtu asiyezoea anaweza kuudhani ni Termitomyces mkubwa. Ukiacha kofia yake ilale usiku kucha juu ya karatasi nyeupe, unga wake hutoka wa kijani, wakati wa Termitomyces ni wa waridi hafifu. Hata hivyo mimi sili uyoga wa porini ambao haukuchumwa na mtu aliyekulia kwenye kuuchuma. Nanunua kwa yule mama wa Kangemi.

Kwetu Dagoretti tuna vitu vyote viwili kwenye ua mmoja wa ploti: jakaranda la zamani karibu na lango, na kichuguu kifupi chenye matundu wazi kwenye kona ya nyuma, mbali na nyumba. Jakaranda lilipangiwa kupakwa chokaa na kichuguu kumwagiwa dawa. Nilimfuata mzee anayesimamia ploti.

“Shikamoo, mzee. Naomba tuache kile kichuguu.”

“Marahaba. Kwa nini tukiache? Mchwa ni mchwa.”

Nilimweleza habari ya sega na uyoga, kisha nikamwonyesha likeni ikigeuka nyekundu chini ya Jik. Ile rangi ilimfanya ainame na kutazama kwa makini. Aliniomba nirudie kwenye likeni nyingine, ndogo ya manjano, na hiyo haikubadilika, akataka kujua sababu. Tulikaa pale muda mrefu. Jakaranda sasa halitapakwa chokaa. Kuhusu kichuguu hakukubali moja kwa moja, kwa sababu wapangaji wa nyumba za nyuma wanaogopa milango yao, na hofu yao ina msingi. Tumeafikiana kwamba fundi aweke dawa kwenye mstari mwembamba kandokando ya ukuta wa nyumba tu, kichuguu kisiguswe hadi vuli iishe, na uyoga ukitoka kila nyumba ipate fungu lake. Baada ya hapo wapangaji watakaa tena na kuamua.